Mama, nirudi kuajiriwa au niuze kiwanja nianze upya?

*"Shikamoo mama. Nina miaka 39, nimeolewa, watoto watatu. Mwaka 2018 niliacha kazi ya kutunza ghala hapa Dodoma mjini, nikafungua mashine ya kukamua alizeti Kibaigwa. Miaka mitatu ya mwanzo mambo yalikwenda. Nilikuwa nawakamulia wakulima kwa 6,000 kila gunia, wanaondoka na mafuta na mashudu yao. Msimu wa 2021 nilikamua magunia 900 hivi, na nikitoa luku, vijana na matengenezo nilibaki na kama milioni mbili na laki mbili. Nikaona hela ni ndogo, nikitaka kukua lazima ninunue mzigo wangu. Mei na Juni 2022 nikanunua magunia 420 kwa 72,000. SACCOS ilinipa milioni 12, shemeji yangu milioni 4, iliyobaki ilikuwa akiba yetu. Bei ikaanguka. Nikangoja ipande, haikupanda, hadi Februari 2023 nikamaliza mzigo kwa hesabu ya 38,000 kwa gunia. Tangu hapo mashine inasuasua, wakulima wengi wamehamia kwa mwingine. Nadaiwa SACCOS milioni 7, shemeji zote 4, na miezi miwili iliyopita nilichukua mkopo wa kausha damu wa 1,200,000, narudisha 90,000 kila wiki kwa wiki 20. Nimelipa nane. Nilichobaki nacho ni mashine na pikipiki ya kusambazia mafuta. Sasa nimepata kazi ya kusimamia ghala la vifaa vya ujenzi upande wa Mtumba, mkononi 620,000. Baba watoto, ambaye ni mwalimu, anasema niichukue. Mimi naona aibu: watu wameniita bosi miaka yote hii, leo niende kusaini daftari la mahudhurio? Nafikiria kuuza kiwanja chetu cha Nzuguni, dalali ana mteja wa milioni 11, nilime zabibu. Usiku silali. Je, nimeshindwa biashara kabisa? Mjasiriamali wa kweli si yule asiyekata tamaa?"*

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama pale ambapo wewe umepita haraka: magunia 900, milioni mbili na laki mbili. Umeniuliza kuhusu aibu, kiwanja, zabibu na kukata tamaa, lakini sehemu kubwa ya jibu imelala kwenye hiyo sentensi uliyoiandika kama utangulizi. Nitaifikia. Kwanza tuelewane kuhusu kilichokupata, maana naona umejihukumu kwa kosa ambalo si lako, na ukajisamehe yale ambayo ni yako.

Alizeti ya huko kwenu Kongwa haijipangii bei. Nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, hasa mawese kutoka Indonesia na Malaysia, kwa hiyo ndoo yako ya Kibaigwa inashindana na ndoo ya mawese kwenye rafu ileile ya duka la mangi. Mawese yakipanda, hata muuza chipsi anakumbuka kwamba alizeti ni nzuri kwa afya. Yakishuka, anasahau. Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, nchi mbili zinazoongoza duniani kwa mafuta ya alizeti ndizo zilizokuwa zinapigana, na bei ikaruka. Tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke, bei ikaruka tena. Wewe ukaingia sokoni Mei na Juni, wakati wa mavuno, ambapo kwa kawaida alizeti huwa rahisi. Mwaka ule haikuwa rahisi. Ulilipia bei ya hofu ya watu wa mbali.

Indonesia ilifungua tena tarehe 23 Mei, mizigo iliyokwama ikaanza kutoka, na katikati ya mwaka bei ya dunia ikaporomoka. Ila anguko hilo halifiki Kibaigwa siku hiyohiyo. Meli ina safari yake, na mwenye mzigo ghali bandarini huuza kwanza ule ghali kabla ya kuleta wa rahisi. Ndiyo maana ulilisikia kwa kuchelewa, kidogokidogo, na kila wiki ukadhani ni upepo wa kupita. Wengi walidhani hivyo. Kulikuwa na watu wenye maghala makubwa kuliko lako ambao walikaa na mzigo kama ulivyokaa wewe. Kwa hiyo kuanguka kwa bei, liondoe kwenye orodha ya dhambi zako.

Sasa yako.

Ulikuwa na biashara mbili ndani ya banda moja, na nadhani hukuwahi kuzitenganisha. Ya kwanza ni ya ukamuaji. Mkulima analeta gunia, unampa mafuta na mashudu, anakupa 6,000. Bei ya mafuta ipande au ishuke, yeye anataka kukamuliwa, na 6,000 yako iko palepale. Ya pili ni ya ulanguzi, na sisemi neno hilo kwa kulitukana: ni kazi halali ya kununua leo kwa kuamini kwamba kesho bei itakuwa juu. Hiyo haina uhusiano na ubora wa mashine yako wala bidii yako. Inataka mtaji unaoweza kuupoteza, taarifa za soko, na moyo wa kuuza kwa hasara mapema.

Ya kwanza ilikuwa inakulipa. Si utajiri, lakini ililipa luku, ililipa vijana, na wewe ukabaki na chako. Ya pili, kwa mkupuo mmoja, ilikula shilingi 34,000 kwa kila gunia, mara 420, yaani 14,280,000. Ukigawa kwa milioni mbili na laki mbili unapata misimu sita na nusu ya kukamua. Ukitazama daftari zima kwa pamoja utasema "biashara ya alizeti imenishinda". Ukilipasua katikati utaona kwamba ukamuaji haukukushinda hata siku moja. Ulanguzi ndio uliokushinda, na uliujaribu mara moja tu.

Na hapa nina dhana yangu, utanisahihisha kama nimekosea. Unasema wakulima walihamia kwa mwingine. Banda likiwa na magunia 420 ya kwako mwenyewe, mashine ilikuwa inakamua ya nani kwanza? Mkulima aliyetoka kijijini na magunia matano juu ya bodaboda ya matairi matatu hawezi kusubiri siku mbili. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi mzigo ulikula akiba yako na ukakufukuzia wateja pia.

Makosa yako, basi, kwa maoni yangu ni matatu. Uliingiza akiba yote ya nyumba kwenye zao moja, msimu mmoja, bila kujiwekea kikomo kwamba bei ikifika hapa nauza liwe liwalo. Ukangoja miezi huku riba ya SACCOS inatembea. Kila wiki ya kungoja ilikuwa na bei yake na hukuiandika. La tatu ni kausha damu, na hilo nitalirudia kwa ukali kidogo.

Kuhusu kungoja nina haki ya kusema, kwa sababu mimi nimengoja zaidi yako. Nilipotoka benki, ambako nilikuwa nachambua mikopo ya wafanyabiashara wadogo na kujiona najua yote, nilifungua mgahawa karibu na stendi ya zamani katikati ya mji. Supu asubuhi, wali na kuku mchana, wasafiri hawaishi. Mabasi yalipohamia stendi mpya ya Nanenane, wateja waliondoka nayo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Haikuwa siri, kila mtu alijua stendi itahama. Mimi nilijua. Nikasema nina wateja wangu wa kudumu, nikaendelea kulipa pango miezi kumi na minne. Wateja wa kudumu walikuwa saba. Mmoja wao alikuwa mume wangu.

Kilichonizuia kufunga kilikuwa yale maneno uliyoniandikia wewe: mjasiriamali wa kweli hakati tamaa. Maneno hayo yana utamu, na semina nyingi mjini hapa zimefunguliwa na kufungwa nayo. Mfano unaopendwa ni wa mzee Harland Sanders wa Marekani, yule wa kuku wa KFC. Utaambiwa alifilisika akiwa na miaka zaidi ya sitini, akakataliwa mara elfu moja na tisa, hakukata tamaa, akatajirika. Simulizi halisi ina mafundisho zaidi. Mzee alikuwa na mgahawa Corbin, Kentucky, kando ya barabara yenye magari mengi. Barabara kuu mpya ikapangwa kupita mbali na pale. Hakung'ang'ania: mwaka 1956 aliuuza kwa mnada, dola 75,000, akalipa madeni. Tena hakuanza kutoka sifuri, kwa sababu tangu 1952 alikuwa ameshampa mwenye mgahawa mmoja wa Salt Lake City namna yake ya kupika. Baada ya kuuza, kazi yake ikawa kuzunguka akiwafundisha wengine mapishi, na kulipwa senti chache kwa kila kuku watakayemuuza.

Umeona alichofanya? Aliliachia jengo, na jengo ndilo lililokuwa linamtegemeza kwenye barabara. Akashika ujuzi, akalipwa kwa kila kuku. Wewe ulikuwa unalipwa kwa kila gunia, ukaacha, ukanunua magunia. Mlipishana njiani.

Na hili la kwamba kuajiriwa ni kushindwa, sijui tumelitoa wapi. Labda ni ile miaka ya serikali kuhamia Dodoma, kuanzia 2016 hadi tukawa jiji mwaka 2018: kila mtu alikuwa anaacha kazi afungue kitu, na aliyebaki ofisini alionekana mwoga. Marehemu Reginald Mengi alipoanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake alikuwa mhasibu mwenye kazi yake, na hadi 1989 alikuwa bado anaiongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa nchini. Hakuna aliyemwambia si mjasiriamali wa kweli. Mshahara ni mtaji usio na riba, unaoingia kila mwezi, na hauhitaji mdhamini.

Kwa hiyo ndiyo, ichukue kazi ya Mtumba. Nakubaliana na baba watoto, ingawa nashuku yeye anasema hivyo kwa sababu amechoka, nami nasema kwa sababu ya hesabu. Tena hiyo si kazi ya kurudi nyuma. Ulikuwa mtunza ghala, sasa unakwenda kusimamia ghala. Aliyekupa nafasi hiyo bila shaka aliona kwamba umeshaajiri watu, umeshapokea mzigo kwa mzani na kukataa lumbesa, umeshajua mtu anavyoiba. Watakaokuona unasaini daftari watasema wiki moja. Wiki ya pili watapata habari nyingine.

Kiwanja usikiuze kwa ajili ya zabibu. Sina ugomvi na zabibu, ni fahari yetu, na mkoa huu unaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini sikiliza. Mzabibu uliopandwa leo haukupi mavuno ya maana kabla ya mwaka wa pili au wa tatu, na wakati wote huo unataka maji, nguzo, waya, dawa na kupogolewa. Madeni yako hayawezi kungoja miaka miwili. Halafu kuna jambo baya zaidi: alizeti ilipokuangusha, angalau uliweza kuikalia ghalani miezi minane. Zabibu iliyoiva haikalii hata wiki. Siku mnunuzi wa mchuzi wa zabibu wa kutengenezea mvinyo akisema matangi yamejaa, una siku chache tu mkononi. Ungekuwa unatoka kwenye hatari ya bei uliyoshindwa kuibeba na kuingia kwenye nyingine iliyo kali zaidi, kwa mtaji wa mwisho wa familia. Hapo ungekuwa umebadilisha zao tu. Kosa lingekuwa lilelile.

Je, kukiuza ili kulipa madeni? Hilo linajadilika, na sitakudanganya kwamba ni wazo la kipumbavu. Milioni 11 ingezima karibu kila kitu. Lakini kiwanja ni chenu wote wawili, Nzuguni inajengeka, na mtu anayeuza huku hapati usingizi huuza kwa bei ya mnunuzi. Ningekiweka kuwa ngazi ya mwisho: ukijaribu nitakayokueleza kwa mwaka mzima na SACCOS bado inakuelemea, kaeni na mumeo mkiuze kwa utulivu, bila dalali kuwapigia simu usiku.

Sasa kausha damu. Umeandika kana kwamba ndilo deni dogo kuliko yote. Ndilo kubwa. Umepewa 1,200,000, utarudisha 1,800,000. Watu husema hiyo ni riba ya asilimia 50. Ni zaidi, kwa sababu hukai na fedha yote kwa wiki zote 20. Wiki ya kwanza umesharudisha 90,000, wiki ya kumi umesharudisha 900,000. Ukipiga wastani, ulichokaa nacho ni kama nusu ya mkopo. Yaani umelipia laki sita ili kutumia kama laki sita kwa miezi mitano. Hakuna mashine ya alizeti, wala shamba la zabibu, wala duka la M-Pesa linalozalisha faida ya namna hiyo. Na kwa mwezi inakuchomoa si chini ya 360,000, zaidi ya nusu ya mshahara unaoungoja.

Zimebaki wiki 12, yaani 1,080,000. Uza pikipiki. Najua ina kumbukumbu zake, lakini kama husambazi mafuta, inasambaza nini? Nenda na fedha yote mkononi, uombe wapunguze kwa kuwa unamaliza mapema. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, lipa hivyohivyo. Usiondoke bila karatasi iliyosainiwa kwamba deni limeisha, na kila ulichoweka dhamana kirudi siku hiyo. Kama wana leseni ya Benki Kuu hawatasita kukuonyesha. Na usiwatoroke hawa ukaangukia kwenye mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, na wanaoziongezea majina mapya hawalali.

SACCOS uwaendee kabla hawajakufuata. Beba mkataba wa kazi, omba wakupangie upya marejesho kulingana na mshahara. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi, na nakuhakikishia mkopaji anayekuja mwenyewe na karatasi anasikilizwa kuliko anayezima simu. Ukitenga 250,000 kila mwezi kwenye deni lenyewe, milioni 7 inaisha kwa miaka miwili na miezi kadhaa, riba ikiongeza kidogo. Shemeji mwambie ukweli huohuo, ana kwa ana, mumeo akiwepo: mshahara ni wa SACCOS, yeye atalipwa na mashine.

Ndiyo, mashine. Usiiuze. Itengeneze kidogo, utafute kijana mmoja unayemwamini, na tangaza kuanzia Mei kwamba unakamua ya watu tu, gunia la mkulima halilali. Waambie pia kwamba asiye na hela ataacha mashudu badala ya 6,000. Wenye ng'ombe na kuku watakuja kuyanunua mlangoni. Wewe utapanda basi Jumamosi ukitokea Mtumba, uko njia hiyohiyo. Utaniuliza, nikiwa mbali si nitaibiwa? Utaibiwa kama hupimi. Simama pale siku moja, kamua magunia kumi, soma mita ya luku kabla na baada. Sasa unajua gunia moja linakula yuniti ngapi. Kila Jumamosi linganisha yuniti zilizotumika na magunia yaliyoandikwa. Kijana anaweza kuficha gunia, lakini umeme uliokwisha kuliwa hawezi kuurudisha kwenye mita.

Hamu ya kununua mzigo itakurudia, nakujua. Ikirudi, nunua kwa fedha ambayo ikiungua mwaka huu ada za watoto hazitikisiki, na ukiwa umeandika ukutani bei ambayo ikifikiwa unauza.

Yapo matatu ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Fika ofisi ya TRA na TIN yako uwaeleze hali halisi ya mauzo, maana mashine inayosuasua bila taarifa inaendelea kukadiriwa kama inayofanya kazi, na faini hujikusanya kimyakimya. Kama mkopeshaji yeyote atakutishia, au ulisaini karatasi usiyoielewa, tafuta mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kusaini nyingine. La tatu ni usingizi. Kama imepita wiki kadhaa hulali, chakula hakipiti, au unapata mawazo kwamba nyumba ingekuwa nafuu bila wewe, usisubiri madeni yaishe. Nenda leo hospitali ya rufaa ya mkoa, au Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Wana Dodoma tukisikia Mirembe tunacheka, na huo ni ushamba wetu. Pale kuna watu waliosomea kazi hiyo, na wafanyabiashara niliowapeleka kwa mkono wangu wamerudi wakalala.

Ukishaanza kazi, njoo SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, hapa mjini siku wanayotoa ushauri, mara nyingi huwa nipo. Njoo na daftari la 2020 na la 2021, si la 2022. La 2022 tumeshalisoma.